Swali la Nyanya: Filamu za Upekuzi za Runinga na Haki ya Anayetuhumiwa

Utangulizi

Mnamo Novemba 2014, nikiwa likizoni baada ya mitihani ya kidato cha tatu, niligeuka mkalimani kwa usiku mmoja. Ilikuwa nyumbani kwa jirani yetu karibu na Keroka, soko ambalo mpaka wa Kisii na Nyamira hulipasua katikati. Runinga ya KTN ilikuwa ikionyesha filamu kuhusu mhubiri mmoja wa Nairobi, Victor Kanyari. Nyanya yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, aliniketisha kando yake nimtafsirie kwa Ekegusii. Nilimweleza jinsi filamu ile ilivyoonyesha kemikali iitwayo pamanganeti ya potasiamu ikiyageuza maji kuwa mekundu mithili ya damu, watu waliodaiwa kulipwa ili watoe shuhuda za uongo, na shilingi 310 ambazo waumini walihimizwa kuzituma kama mbegu ya baraka. Chumba kizima kilivunjika mbavu kwa kicheko. Nyanya hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Na yeye mwenyewe amesema nini?"

Wakati huo nililiona swali hilo kuwa la mtu aliyepitwa na kisa. Sasa, baada ya kuisoma fasihi kwa miaka kadhaa, ninaliona kuwa ndilo swali la msingi ambalo mtazamaji yeyote anapaswa kuliuliza. Makala haya yanakusudia kueleza filamu za upekuzi ni nini, zinajengwa vipi, na lugha inafanya kazi gani ndani yake. Aidha, yatajaribu kuonyesha kwamba nguvu ya filamu hizi na hatari yake hutoka katika chemchemi moja, yaani ustadi wa kusimulia. Mifano itatoka Kenya na kwingineko Afrika, lakini mizani itakuwa ya Gusii, kwa sababu watu wa Kisii na Nyamira wameonja pande zote mbili za tuhuma.

Istilahi na Maana

Vyombo vya habari vya Kenya vimezoea kuziita kazi hizi "makala ya upekuzi", na mtayarishaji wake huitwa "mwanahabari mpekuzi". Ili msomaji asichanganyikiwe baina ya makala ya runinga na makala haya anayoyasoma, nitatumia "filamu ya upekuzi" hadi mwisho.

Uteuzi wa kitenzi kupekua unastahili kuangaliwa. Kuchunguza ni kutazama kwa makini kilicho mbele yako. Kupekua ni kugeuzageuza, kama kuku afukuavyo takataka, ili kilichofunikwa kionekane. Kwa hiyo, neno lenyewe linabeba dhana kwamba kuna kitu kimefichwa, na kwamba yupo aliyekificha. Taarifa ya kawaida ya habari hueleza kilichotokea; filamu ya upekuzi hudai kueleza kile ambacho mtu fulani hakutaka kijulikane. Mtu huyo mara nyingi ni mwenye cheo, mali au wafuasi wengi: waziri, mfanyabiashara, mkuu wa polisi, kiongozi wa chama cha kandanda, mhubiri. Hapo ndipo uzito wa kazi unapoanzia, kwa maana tuhuma dhidi ya mtu mashuhuri hugusa pia maelfu wanaomwamini.

Historia kwa Ufupi

Runinga nchini Kenya ilikuwa mikononi mwa serikali pekee hadi KTN ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1990. Hata baada ya hapo, kuwapekua wakubwa kulibaki kazi ya hatari. Usiku wa Machi 2, 2006, watu waliofunika nyuso walivamia ofisi za Standard na mitambo ya KTN, wakachoma magazeti na kuzima matangazo. Waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, John Michuki, alieleza kwamba anayemchokoza nyoka hana budi kuwa tayari kuumwa. Kisa hicho kilihusishwa na wageni wawili, Artur Margaryan na Artur Sargsyan, waliojulikana kama ndugu wa Artur.

Ni katika kituo hichohicho ambapo Mohammed Ali alikuja kuendesha kipindi cha Kiswahili kilichoitwa Jicho Pevu, huku John-Allan Namu akishughulikia The Inside Story kwa Kiingereza. Kipindi cha Kiswahili kilirudi kwenye kisa cha ndugu wa Artur, kikaingia katika biashara ya mihadarati, na kikauliza maswali kuhusu ajali ya helikopta ya Juni 10, 2012 iliyomwua waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Mwaka 2013, baada ya filamu yao kuhusu shambulio la Westgate, mkuu wa polisi alitangaza kwamba wanahabari hao wawili wangechukuliwa hatua.

Jambo moja halijapewa uzito wa kutosha na wasomi wetu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taarifa fupi na burudani, ilhali uchambuzi mzito ni wa Kiingereza. Jicho Pevu kilipindua dhana hiyo. Wafanyabiashara wa ndizi, waendeshaji pikipiki na walimu wa shule za msingi walisikia masuala ya nyaraka, uchunguzi wa maiti na akaunti za benki yakielezwa kwa lugha waliyoimudu. Hata jina la kipindi ni somo la mofolojia: jicho lililopevuka, lisilodanganyika kama jicho changa.

Jinsi Filamu ya Upekuzi Inavyojengwa

Mpekuzi hujenga hoja yake kwa nguzo nne. Ya kwanza ni waraka: hati ya ardhi, risiti, barua, ripoti ya daktari. Ya pili ni shahidi, ambaye pengine hufichwa uso na kubadilishwa sauti. Ya tatu ni picha zilizonaswa kwa kamera, iwe ya wazi au ya siri. Ya nne ni mtaalamu anayefasiri vitu hivyo, kama vile mwanakemia au mwanasheria. Kila nguzo ina udhaifu wake. Waraka unaweza kughushiwa. Shahidi anaweza kuwa na kisasi. Picha inaweza kukatwa mahali panapofaa. Mtaalamu anaweza kulipwa. Kwa hiyo, mpekuzi mwadilifu hazitegemei nguzo hizo moja moja, bali hungoja mpaka zikubaliane.

Kamera ya siri huzua utata zaidi. Mwanahabari wa Ghana, Anas Aremeyaw Anas, ambaye huficha uso wake hadharani, alitoa mwaka 2018 filamu iitwayo Number 12 kuhusu ufisadi katika kandanda. Rais wa chama cha kandanda cha Ghana, Kwesi Nyantakyi, alijiuzulu, na mwamuzi msaidizi Mkenya, Aden Marwa, aliyeonekana akipokea dola 600, akakosa Kombe la Dunia la mwaka huo. Wapo waliouliza: je, mpekuzi anayetoa hongo ili arekodi anayeipokea amefichua kosa au amelitengeneza? Swali hilo halijafungwa hadi leo. Lisilo na utata ni kwamba Januari 2019 mwenzake Anas aliyeshiriki katika kazi hiyo, Ahmed Hussein-Suale, alipigwa risasi akafa mjini Accra.

Lugha Inapogeuka Shahidi

Juu ya nguzo hizo nne huja usimulizi, na hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi ana la kusema. Filamu ya upekuzi hutumia mbinu zilezile tunazozichambua katika riwaya na ngano. Huanza katikati ya kisa, kisha ikarudi nyuma. Hujenga taharuki kwa kukatiza sehemu moja ili tungoje nyingine wiki ijayo. Hutumia takriri, sitiari na methali. Kwa hili hakuna ubaya. Hadithi isiyosimuliwa vizuri haisikilizwi.

Tatizo huanza mbinu inaposimama mahali pa ushahidi. Chukua swali la balagha. Msimulizi akiuliza, huku muziki mzito ukipigwa, "Je, ni nani aliyefungua mlango huo usiku wa manane?", hajamtaja yeyote. Lakini picha ya mheshimiwa fulani ikitokea kwenye kioo mara tu baada ya swali, mtazamaji amekwisha kujibu. Msimulizi hakusema uongo, wala hakuthibitisha chochote.

Mfano wa pili ni wa kisarufi. Vitenzi kama inasemekana, ilidaiwa na alionekana vimo katika kauli ya kutendwa na kutendeka, na huficha mtenda. Inasemekana na nani? Alionekana na nani, akiwa umbali gani, kukiwa na mwanga kiasi gani? Wakati mwingine mtenda hufichwa kwa sababu njema, yaani kumlinda shahidi asidhuriwe. Wakati mwingine hufichwa kwa sababu hayupo. Mtazamaji makini hana budi kujifunza kutofautisha hali hizo mbili, na njia mojawapo ni kungoja: je, filamu inarudi baadaye kutupa msingi wa dai hilo, au inaliacha lielee?

Mfano wa tatu ni methali. Tunafunzwa kwamba methali ni hekima iliyochujwa. Lakini ndani ya filamu ya upekuzi, "lisemwalo lipo" si hekima tena, bali ni hukumu. Methali hiyo humwambia mtazamaji kwamba uvumi wenyewe ni ushahidi.

Mizani ya Gusii: Miezi Minane

Msomaji anaweza kusema kwamba huu ni ukali wa darasani. Ndiyo sababu napendelea kuirudisha hoja nyumbani.

Mnamo Mei 2008, kundi la vijana lilipita katika vijiji vya Gusii likawateketeza kwa moto wazee 11, wake kwa waume, waliotuhumiwa kuwa wachawi. Wanakijiji waliwaambia wanahabari kwamba daftari lilikuwa limeokotwa katika shule ya msingi, nalo likidaiwa kuwa na kumbukumbu za mkutano wa wachawi pamoja na majina ya waliokusudiwa kurogwa. Tulitazame daftari hilo kwa jicho la mpekuzi. Ulikuwa ni waraka, yaani ile nguzo ya kwanza. Lakini limeandikwa na nani? Kwa mwandiko wa nani? Nani aliliokota, na ana ugomvi gani wa shamba na waliotuhumiwa? Maswali hayo, ambayo mpekuzi yeyote wa kweli huanza nayo, hayakupewa nafasi. Wala hakuna aliyengoja kusikia wazee wenyewe wanasema nini. Miaka 13 baadaye, Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma kama hizo huko Marani, kaunti ya Kisii.

Mnamo Januari 2009, miezi minane tu baada ya moto ule wa kwanza, jambo la pili lilitokea. Francis Nyaruri, mwandishi wa kujitegemea mjini Nyamira ambaye aliliandikia gazeti la Weekly Citizen kwa jina la kalamu la Mong'are Mokua, aliondoka kwenda Kisii kununua vifaa vya ujenzi. Hakurudi. Baada ya takriban wiki mbili mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, ukiwa umekatwa kichwa. Alikuwa ameandika taarifa zilizodai kuwapo kwa ufisadi miongoni mwa maafisa wa polisi wa eneo hilo, na wenzake walieleza kwamba alikuwa amepokea vitisho. Nyaruri hakuwa na kamera, wala mawakili, wala kituo cha Nairobi cha kumpigia kelele. Alikuwa na kalamu na jina la kupanga.

Visa hivi viwili vikiwekwa pamoja, vinatupa maana kamili ya upekuzi. Katika kisa cha kwanza, tuhuma isiyo na ushahidi iliwaua waliotuhumiwa. Katika kisa cha pili, aliyekuwa akitafuta ushahidi ndiye aliyeuawa. Jamii isiyotaka kupekua hubaki na uvumi, na uvumi hauwaogopi wanyonge. Huwaogopa wakubwa tu. Ndiyo maana wanaoangamizwa na uvumi ni vikongwe, wala si mawaziri. Filamu ya upekuzi, ikifanywa inavyopaswa, hugeuza mkondo huo: humwelekea mwenye nguvu, nayo huja na ithibati. Ikifanywa visivyo, haina tofauti kubwa na lile daftari, isipokuwa kwamba ina muziki.

Sasa ninaelewa kwa nini nyanya yangu hakucheka usiku ule. Mwaka 2008, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, niliona ameacha ghafla kutoka nje jua likishatua. Hatukuambiwa sababu.

Tafsiri na Haki ya Kusikika

Katika filamu zinazorekodiwa Kisii na Nyamira, mashahidi wengi wazee huzungumza Ekegusii, kisha sauti ya Kiswahili hulazwa juu ya sauti yao au maneno huandikwa chini ya picha. Kazi hii huonekana ndogo, lakini inaweza kumwokoa mtu au kumwangamiza. Katika Ekegusii, omorogi ni mchawi, ilhali omoragori ni mpiga ramli, ambaye watu humwendea ili wajue chanzo cha maradhi. Kwa sikio la mgeni maneno haya mawili yanakaribiana. Mtafsiri akiteleza, mzee aliyesema kwamba jirani yake hupiga ramli ataonekana mbele ya taifa zima akimwita mchawi. Viambishi vya nafsi na vya wakati navyo vina mitego yake: "nilisikia kwamba alikuwa pale" haiwezi kutafsiriwa "alikuwa pale" bila kumgeuza msikiaji kuwa shahidi wa macho.

Kuhusu haki ya anayetuhumiwa, sheria ya Kenya haiko kimya. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, lakini kifungu cha 33 kinamtaka anayetumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wengine. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kudai kurekebishwa au kufutwa kwa habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu. Mwaka 2017, Mahakama Kuu iliamua kwamba kukashifu mtu si jambo la kumpeleka mwandishi gerezani, ingawa aliyekashifiwa bado anaweza kudai fidia. Uamuzi huo uliwapa wapekuzi pumzi. Haukuwaondolea wajibu wa kumpelekea mtuhumiwa maswali mapema, kumpa muda wa kutosha, na kulitangaza jibu lake kwa uaminifu.

Je, ikiwa mtuhumiwa amekufa? Januari 2024, kitengo cha BBC Africa Eye kilitoa filamu ya sehemu tatu kuhusu mhubiri wa Nigeria, T. B. Joshua, aliyefariki Juni 2021. Waliokuwa waumini wake walimtuhumu kwa ubakaji na mateso. Kanisa lake lilikanusha. Wapo waliosema kwamba maiti haijitetei. Lakini hoja hiyo ikikubaliwa yote, kifo kitakuwa kinga, na walioumizwa watazikwa pamoja na siri zao. Ninavyoona mimi, mtuhumiwa asipokuwapo, kiwango cha ushahidi hupaswa kupanda: mashahidi wawe wengi, wawe hawajapatana, na jibu la waliobaki kumtetea litolewe.

Mpekuzi Anapogeuka Mheshimiwa

Jambo la mwisho linahusu mpekuzi mwenyewe. Mwaka 2015 Namu alishiriki kuanzisha Africa Uncensored, shirika la wanahabari wapekuzi. Mohammed Ali naye aliingia siasani. Mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Nyali akiwa mgombea huru, na mwaka 2022 akachaguliwa tena kwa tikiti ya UDA. Simlaumu; ni haki ya kila raia kugombea. Hata hivyo, safari yake inafundisha kwamba anayewasimulia watu mashuhuri hugeuka mashuhuri yeye pia, na sauti inayoaminiwa na umma ni mtaji. Jicho pevu linahitaji jicho jingine la kulitazama.

Wala tusidhani kwamba kufichuliwa ni kuangushwa. Miaka kumi baada ya filamu ya KTN, Kanyari alikuwa bado anahubiri, na mwaka 2024 alivuma upya mitandaoni. Kicheko tulichokicheka Keroka kilimgeuza kuwa kichekesho, na kichekesho hakihojiwi. Tulicheka, tukazima runinga, tukaenda kulala. Kazi ya upekuzi haikamiliki pasipo mtazamaji anayeuliza, mwendesha mashtaka anayefuatilia, na mahakama inayosikiliza pande zote.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba filamu ya upekuzi ni utanzu unaostahili nafasi katika masomo yetu ya Kiswahili, pamoja na riwaya, tamthilia na fasihi simulizi. Mapendekezo ni matatu. Kwanza, vyama vya wanafunzi viandike kwa maneno hati za filamu hizi, kwani nyingi zinapotea na hazina matini ya kuchambuliwa. Pili, wanafunzi wanaojua Ekegusii na lugha nyingine za mama wafunzwe ukalimani wa ushahidi, kazi ambayo kwa sasa huachiwa yeyote aliye karibu, kama nilivyoachiwa mimi. Tatu, walimu wa shule za upili watumie vipande vya filamu kuwafunza wanafunzi kutenganisha kilichothibitishwa na kilichosimuliwa tu.

Sikumbuki nilimjibu nini nyanya usiku ule. Huenda nilimwambia asubiri kidogo, filamu haijaisha. Hilo halikuwa jibu. Na mtafsiri asiyeweza kumjibu msikilizaji wake swali kama hilo hajamaliza kazi yake.